Jinsi ya kulinda lambo la kijiji dhidi ya dawa za magugu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za maji na jumuiya za watumia maji zinazosimamia malambo na mabwawa madogo, hasa katika mikoa ya Dodoma, Singida, Shinyanga na Simiyu, ambako lambo moja huweza kuwa chanzo cha maji ya kunywa, ya ng'ombe na ya bustani kwa wakati mmoja. Palizi ya jembe inaendelea kupungua katika mashamba yanayozunguka malambo hayo, kwa kuwa chupa ya dawa ya magugu hugharimu kidogo kuliko kuwalipa vibarua kwa siku kadhaa, na hakuna kamati itakayomrudisha mkulima kwenye jembe kwa kumkemea. Inachoweza kufanya ni kujua dawa inaingiaje lamboni. Haiingii kidogo kidogo mwaka mzima, bali sehemu yake kubwa huingia na mvua kubwa moja au mbili za kwanza baada ya mashamba kupuliziwa, tena kutoka katika sehemu chache ambazo mtu anayeijua ardhi ya kijiji anaweza kuzionesha kwa kidole. Kwa hiyo kazi kubwa ya ulinzi ni ya wiki chache, na huanza kabla ya mawingu ya Novemba.

Anza kwa kuzijua dawa zenyewe

Tuma watu wawili wapite katika maduka ya pembejeo yanayohudumia kijiji, waandike majina ya dawa za magugu zinazouzwa na, muhimu zaidi, kiambata amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua magugu, kilichotajwa kwenye lebo ya kila moja. Majina ya biashara ni mengi na hubadilika kila msimu, lakini viambata vinavyojirudia ni vichache: glaifoseti, atrazini, 2,4-D na parakwati. Tofauti zao ndizo zitakazoamua kinga gani ifanye kazi na ipi iwe jasho la bure.

Glaifoseti huua karibu kila mmea wa kijani na hutumika zaidi kuandaa shamba kabla ya kupanda. Ikigusa udongo hung'ang'ania chembe zake kwa nguvu, hivyo husafiri hasa pamoja na tope, na kila kinachozuia mmomonyoko huizuia nayo kwa kiasi kikubwa. Atrazini, inayopuliziwa katika mahindi, ina tabia nyingine: haing'ang'anii udongo sana, huyeyuka katika maji yanayotiririka, na ikishafika lamboni huweza kukaa kwa miezi. 2,4-D hutumika kuua magugu ya majani mapana katika mahindi na mpunga. Husafiri na maji kwa urahisi, ingawa katika udongo wenye uhai na joto huoza upesi kuliko atrazini. Parakwati hushikwa na udongo wa mfinyanzi kiasi kwamba ni nadra kuikuta kwa wingi katika maji ya lambo; hatari yake iko kwa binadamu moja kwa moja, kwa kuwa funda moja tu la dawa isiyochanganywa na maji huweza kuua na hakuna dawa ya kuipunguza makali mwilini. Chupa yake isihifadhiwe nyumbani, na isimiminwe katika chupa ya soda hata kwa saa moja.

Kama orodha yenu imejaa glaifoseti, matuta na majani ya kuzuia tope yatawasaidia sana. Kama imejaa atrazini, hayo peke yake hayatoshi.

Fanya hesabu ya lambo lako

Kamati nyingi huamini kwamba lambo ni kubwa mno kuharibiwa na chupa chache. Imani hiyo hujibiwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Pima upana wa maji kwenye tuta lambo likiwa limejaa, umbali ambao maji hurudi nyuma kuelekea mkondoni, na kina kikubwa zaidi karibu na tuta, vyote kwa mita. Zidisha namba hizo tatu, kisha gawanya kwa 6, nawe utapata ujazo wa kukadiria. Lambo lenye upana wa mita 150 kwenye tuta, maji yanayorudi nyuma mita 200, na kina cha mita 4, lina takriban mita za ujazo 20,000, yaani lita milioni 20.

Sasa chukulia kwamba hekta 50 za mahindi zinamwaga maji yake katika lambo hilo, na kila hekta imepuliziwa kilo moja ya atrazini. Mvua kubwa ikinyesha siku chache baadaye na kubeba asilimia moja tu ya dawa hiyo, kiasi ambacho si cha ajabu hata kidogo, gramu 500 zitaingia lamboni. Gawanya kwa mita za ujazo 20,000, unapata maikrogramu 25 katika kila lita, na maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Marekani hairuhusu zaidi ya maikrogramu 3 za atrazini kwa lita ya maji ya kunywa. Umoja wa Ulaya huruhusu maikrogramu 0.1 kwa kiuatilifu chochote kimoja. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, limeweka kiwango cha mwongozo cha maikrogramu 100, likijumlisha atrazini pamoja na baadhi ya mabaki yake.

Msomaji atajiuliza ni nani kati ya hao watatu anayesema kweli. Wote wanasema kweli, ila wanajibu maswali tofauti. Kiwango cha Ulaya hakikutokana na kipimo cha sumu ya dawa moja moja, bali na msimamo kwamba viuatilifu havipaswi kuwamo katika maji ya kunywa. Kile cha Shirika la Afya Duniani kinakadiria kiasi ambacho mtu anaweza kunywa maisha yake yote bila madhara yanayojulikana. Mimi nashauri kamati isitumie namba kubwa kama ruhusa ya kulala. Lambo lililofika maikrogramu 25 katika mwaka wa mvua nzuri linaweza kufika mbali zaidi katika mwaka ambao maji yamebaki robo.

Hesabu ya pili ni fupi, nayo ndiyo hunyamazisha mkutano. Mtu akimwaga kwa bahati mbaya nusu lita ya atrazini yenye gramu 500 kwa lita pale pale kando ya maji, gramu 250 zimeingia, na lambo zima la lita milioni 20 limefika maikrogramu 12.5. Nusu chupa imefanya nusu ya kazi ya hekta 50.

Tembea mkondo kabla ya mvua

Mwezi mmoja kabla ya msimu, watu watatu au wanne watembee kutoka kwenye tuta kupanda juu, wakifuata kila korongo na kila njia ya ng'ombe inayoleta maji. Wachore ramani ya mkono, hata ikiwa katika karatasi ya daftari, na waweke alama katika mashamba yanayogusa mkondo, mahali watu wanapochota maji ya kuchanganyia dawa, mahali wanapooshea mabomba ya mgongoni, na mahali chupa tupu zinapotupwa. Mchana mmoja hutosha. Njia za ng'ombe zisidharauliwe, kwa maana kwato hukanyaga udongo ukawa mgumu na njia ikageuka mfereji unaopeleka maji ya shamba lamboni bila kupita kwenye nyasi zozote.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kudhuru mazingira ya eneo hilo, ndani ya mita 60 kutoka kwenye bwawa, mto au ziwa. Kamati ipime mita hizo kwa kamba, iweke alama za mawe au miti, na ikiwezekana iache ukanda huo uote nyasi za asili. Nyasi nene hupunguza mwendo wa maji, hunasa tope, na huyapa maji muda wa kuzama ardhini. Hata hivyo hazina nguvu pale maji yanapokusanyika katika korongo na kupita kwa kishindo. Hapo nyasi zitalala tu na maji yatapita juu yake. Katika sehemu hizo, panga mawe kukingama korongo ili maji yatawanyike, na chimba kidimbwi cha kunasa tope kabla ya mdomo wa lambo, kisha kizolewe kila kiangazi.

Majani na matete yanayoota kwenye tuta lenyewe yasipuliziwe kamwe. Dawa itaingia majini siku hiyo hiyo, na mizizi inayoshika udongo wa tuta itakufa, ukabaki unasubiri nyufa. Kadhalika gugu maji: katika Ziwa Victoria lilipambanwa nalo kwa kutumia wadudu wa jamii ya Neochetina wanaolila, pamoja na kuliondoa kwa mikono na mashine, na katika lambo dogo mikono na reki hutosha likiwahiwa. Mimea mingi ya majini ikiuawa kwa mara moja huoza ndani ya maji na kumaliza hewa ya samaki, hata kama dawa yenyewe haikuwadhuru.

Mahali pa kuchanganyia dawa

Kama kamati ina fedha za jambo moja tu, izitumie hapa. Mkulima huchanganya dawa karibu na maji kwa sababu maji ni mazito kubeba, na ndipo bomba hufurika, chupa huanguka, na mwisho wa siku bomba huoshwa kwenye maji yale yale ambayo watoto watachota jioni. Kumwambia asifanye hivyo bila kumpa maji mahali pengine ni kupoteza maneno.

Chagueni sehemu tambarare isiyopungua mita 60 kutoka lamboni na nje ya korongo lolote, muweke tangi au mapipa yatakayojazwa na kamati siku za kupulizia. Kando yake chimbeni shimo lenye kina cha karibu sentimita 60, sakafu yake ipigwe udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha lijazwe mchanganyiko wa mabua makavu yaliyokatwakatwa, samadi iliyokwisha kuoza na udongo wa juu, mabua yakiwa nusu. Juu yake iotesheni nyasi, na jengeni kipaa cha kuzuia mvua. Bomba lijazwe juu ya shimo hilo na kusafishwa hapo hapo, ili kila tone lililodondoka lishikwe na kuvunjwa na vijidudu vinavyoishi ndani ya mchanganyiko. Mtindo huu ulianza Uswidi katika miaka ya 1990, nao hauhitaji chochote ambacho kijiji cha wakulima na wafugaji hakina.

Chupa tupu isuuzwe mara tatu, na maji ya kila mara yarudishwe ndani ya bomba yakapuliziwe shambani, kwa sababu hiyo ni dawa iliyokwisha lipiwa. Kisha itobolewe. Chupa isiyotobolewa itaonekana sokoni ina mafuta ya taa, na baadaye ina mafuta ya kula.

Kipimo na siku ya kupulizia

Kizibo cha chupa si kipimo. Mkulima ajaze bomba la lita 15 maji matupu, apulizie kwa mwendo wake wa kawaida eneo la mita 10 kwa mita 10, kisha apime maji yaliyotumika. Kama ni lita 2, basi hekta moja itachukua lita 200, yaani mabomba 13 na kidogo. Lebo ikisema lita 3 za dawa kwa hekta, kila bomba linahitaji mililita 225, si zaidi. Afisa ugani akisimamia zoezi hili mara moja kwa kundi la wakulima, wengi watagundua kwamba wamekuwa wakitumia dawa nyingi kuliko walivyohitaji, na ugunduzi huo huwavutia zaidi kuliko hotuba yoyote ya mazingira, maana unagusa mfuko.

Kuhusu siku, ushauri wa kawaida ni kutopulizia kama mvua kubwa inatarajiwa ndani ya siku mbili, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa husikika redioni na hupatikana kwenye simu. Lakini ni lazima tukiri ugumu uliopo. Atrazini inayopuliziwa udongoni huhitaji unyevu ili ifanye kazi, kwa hiyo mkulima anayeijua dawa yake husubiri mvua zianze, na siku anazozitaka yeye ndizo zinazoliogofya lambo. Mgongano huo haumalizwi kwa amri. Njia ninayoiona inafaa ni makubaliano ya mashamba machache: yale yanayogusa korongo, ambayo ramani imeshayaonesha, yapaliliwe kwa jembe katika ukanda wa upande wa maji, na vibarua walipwe kutoka mfuko wa maji. Fedha za kupalilia ukanda wa namna hiyo ni ndogo mno zikilinganishwa na gharama za kuondoa dawa majini. Mashamba mengine nayo yapangiwe zamu, ili hekta zote 50 zisiwe na dawa mbichi siku gharika ya kwanza inapofika.

Kuhusu gharama hizo za kusafisha maji, upo mfano wa Marekani. Miji mingi ya majimbo ya mahindi huchota maji katika mabwawa yanayopokea atrazini kila mwaka, na baadhi yake, ukiwamo mji mdogo wa Greenville katika jimbo la Illinois, ilimshtaki mtengenezaji mkuu wa dawa hiyo, kampuni ya Syngenta, ikidai gharama za kuichuja. Mwaka 2012 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 105, bila kukiri kosa, zigawanywe kwa mamlaka za maji zaidi ya 1,000. Hizo ni mamlaka zilizokuwa na mitambo na maabara tayari.

Kupima maji

Kipimo cha kawaida cha maji, kile cha vimelea, tope na chumvi, hakioni dawa za magugu, na katika viwango tunavyovizungumzia maji hayana rangi, ladha wala harufu ya kumwonya mtu. Lazima kamati itaje kwa jina inachotaka kipimwe. Hapo ndipo orodha ya madukani inapolipa: peleka viambata viwili au vitatu vinavyotumika kijijini, usiombe "viuatilifu vyote". Glaifoseti itajwe peke yake, kwa sababu hupimwa kwa njia tofauti, na maabara inaweza kurudisha majibu safi ya makumi ya dawa bila kuigusa. Ulizeni kwanza kwa Bodi ya Maji ya Bonde au RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wilayani. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoko Arusha, zinaweza kueleza bei na chupa zinazotakiwa.

Kama fedha zinatosha sampuli mbili tu, ya kwanza ichukuliwe mwisho wa kiangazi, ili ijulikane lambo lilianza msimu na nini, na ya pili ndani ya siku chache baada ya gharika ya kwanza inayofuata upuliziaji. Sampuli ya Juni au Julai, wakati ambapo barabara ni nzuri na wageni wanapenda kuja, haiwezi kueleza kilichotokea Desemba. Ichukuliwe karibu na bomba la kuchotea, sentimita 30 chini ya uso wa maji, na mtu ambaye hajashika dawa siku hiyo. Chupa iwe ya kioo cheusi au kahawia iliyotoka maabara, ijazwe hadi mdomoni, ifungwe, iwekwe katika boksi lenye barafu na kufikishwa haraka. Kwa glaifoseti baadhi ya maabara hutaka chupa ya plastiki, basi fuata wanavyoagiza. Andika katika daftari tarehe, saa, kina cha maji, mvua ya mwisho na mashamba yaliyopuliziwa wiki hiyo. Jibu la maabara lisilo na maelezo hayo haliwezi kutafsiriwa, hata na mtaalamu.

Dawa ikishaingia

Ikimwagika kando ya lambo, kwanza zuieni isisogee: wekeni kingo za udongo, kisha udongo uliolowa uchotwe na watu waliovaa glavu na buti, upelekwe kwenye lile shimo la mabua. Zimeni pampu. Watu na mifugo wahamie kwenye chanzo kingine, na taarifa ifike siku hiyo hiyo kwa ofisi ya kijiji, zahanati, RUWASA na Bodi ya Maji ya Bonde. Msifungulie maji yaende bondeni ili lambo "lijisafishe", kwa sababu huko bondeni nako kuna watu wanaochota. Samaki waliokufa wasiliwe wala kuuzwa.

Kuchemsha hakuondoi atrazini. Maji hupungua kwa mvuke na dawa ikabaki. Vidonge vya klorini haviiondoi pia, ingawa klorini huweza kuivunja glaifoseti. Kaboni amilifu, iliyotengenezwa kwa joto kali hadi ikawa na vitundu visivyohesabika, huinasa atrazini vizuri lakini haiinasi glaifoseti kwa kiwango cha kutegemewa. Mkaa wa jikoni uliosagwa si kaboni amilifu, na kamati isikubali kuuziwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kichujio cha kaboni kinaweza kufungwa kwenye kituo kimoja cha kuchotea maji ya kunywa, huku maji mengine ya lambo yakiachwa kwa kazi zisizo za kunywa, mradi kuwe na tarehe ya kuibadilisha kaboni na mtu mmoja anayewajibika kuifuata. Kaboni iliyojaa huacha dawa ipite bila dalili yoyote.

Lambo lifunguliwe tena kwa maji ya kunywa baada ya sampuli mbili, zilizochukuliwa kwa tofauti ya wiki mbili, kuonesha kiwango kinachoshuka na kilichokubaliwa na mamlaka ya maji. Nakala ya majibu ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na pale pampuni, kwa namba zilizoandikwa kubwa.